Vigelegele Vilivyochelewa

Kazi yangu hapa Eldoret ni kurusha harusi na mazishi moja kwa moja mtandaoni, na haki ya nani, hakuna mteja msumbufu kama ndugu yako. Dada yangu alipokuwa anaolewa, mjomba, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alinifuata hadi nyumbani kwangu, mtaa wa West Indies, kunipa amri. "Picha iwe moja, kubwa, safi. Usituletee ukungu."

"Na Mama je?" nikamuuliza.

Mama alikuwa kijijini kwetu karibu na ziwa, mguu ndani ya plasta, hawezi kusafiri. Simu yake kuukuu, mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Alikuwa amenipigia akilia: "Mtoto wangu wa kwanza anaolewa na mimi niko kitandani. Nimsikie tu akikubali, inatosha." Picha kubwa ingekwama njiani, kama ilivyokwama kwenye mazishi ya shangazi, Mama akabaki anatazama kiduara kikizunguka.

"Mjomba, natuma saizi tatu kwa pamoja. Kila simu itajichukulia ile inayoweza kubeba. Wewe utapata yako ya kung'aa, Mama atapata ndogo. Mtandao ukizorota, picha ndiyo itaharibika, sauti itapita."

"Wewe msichana, unajua sana!"

"Ndiyo, najua!" Hasira nimezirithi upande wake.

Siku ya harusi mjomba aliketi mbele kabisa, simu mkononi, akikagua picha badala ya kumtazama bibi harusi. Pasta alipofika kwenye viapo, binamu yangu aliyekuwa na Mama akaniandikia: "Mvua imeanza huku. Picha imekuwa matope." Nikamwandikia, hakujibu.

Dada akasema, "Ndiyo, nakubali." Kanisa likalipuka kwa vigelegele, likatulia, Pasta akaendelea na maombi. Mimi hata sikufurahi. Nilikuwa nimeikodolea macho simu yangu.

Halafu ikaita, ni binamu. Matangazo yangu huchelewa kidogo kabla ya kumfikia mtazamaji, na kwa wasiwasi nilikuwa nimesahau hilo. Nikapokea. Vigelegele! Mama peke yake, kwa sauti yake yote, mvua ikipiga mabati. "Nimesikia! Uso sijauona vizuri, lakini nimesikia neno kwa neno!"

Wacha! Nilikimbia hadi mbele, nikaiweka simu kwenye maikrofoni ya Pasta. Kanisa zima likamsikia Mama. Mjomba aliiacha simu yake kitini, akasimama akipiga makofi kuliko wote, nami nikajisikia mrefu kama mnara wa mtandao.

Dada, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, aliinyakua maikrofoni huku analia. "Nakubali, Mama!"

Mama akapiga vigelegele mara mbili: alipomsikia kwenye simu ya binamu, na tena maneno yaleyale yalipomfikia kwenye simu yake, kupitia matangazo yangu yanayochelewa.