Salamu za Njia ya Nne

Evaristo ameendesha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, ghalani kwetu Barranquilla miaka ishirini. Juzi akatushukia injinia Londoño na kompyuta yenye mfano wa ghala letu zima, vigari vya kuigiza vinateleza humo bila kugusana.

"Mzee, hakuna foleni," akatangaza, na nyuma yake foklifti tisa zimesongamana njia ya nne.

"Hivyo vigari vyako, mheshimiwa, havisimami kuisalimu sanamu ya Bikira Maria pale rafuni, njia ya nne?" Evaristo akauliza.

"Kwani nyie mnasimama?"

"Kila tukipita. Sisi si wapagani."

Msomi akaingiza salamu kwenye kompyuta, foleni ikajitokeza. Dawa yake? Sanamu ihamishiwe mlangoni pa ofisi yake, isizuie mtu.

Sasa tunamsalimia Bikira huko mlangoni, foklifti zote. Injinia wetu siku hizi anatoka ofisini kwa kuruka dirisha.