Darubini wa Mlingotini

Siku hizi bahari inatazamwa kwenye kioo cha mashine. Nahodha anakunywa chai, kioo kinamwambia jodari walipo, chai inaisha, wavu unatupwa. Huo nao huitwa uvuvi. Mimi nilikuwa mpishi wa meli ya jodari miaka mingi, na nilimjua mtu aliyeifanya kazi ya kioo hicho kwa macho yake mawili. Tulimwita Darubini.

Kazi yake ilikuwa juu ya mlingoti, kwenye kiti cha mbao alichokitandikia kipande cha godoro, kofia imefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Huko alitafuta ndege. Jodari wanapowafukuza dagaa kutoka chini, dagaa hupanda mpaka juu ya maji, na juu wanawakuta ndege. Hawana pa kwenda tena. Basi ukiona ndege wanadondoka kama mawe, ujue kuna karamu chini yao. Darubini alipiga kelele neno moja tu, "Wanakula!", akanyoosha mkono, na meli nzima ikageuka. Nahodha wa zamani alizungusha usukani kwanza, akauliza baadaye. Aliyekuwa chooni alitoka mbio huku akifunga suruali.

"Darubini," mekanika alipenda kumchokoza wakati wa chakula, "na mkeo huko nyumbani unamwona?"

"Namwona. Anakufa kwa kicheko. Mkeo anamsimulia unavyokoroma."

Kisha yakaja maboya. Kampuni iliyatawanya baharini, kila boya na chombo chake cha kutuma habari. Samaki wadogo hukimbilia kivuli cha boya, wakubwa huwafuata, na kioo huonyesha yote. Tukawa watu wa kuzunguka kutoka boya hadi boya, kama mtu anayekusanya mayai bandani. Kampuni ikaamua kwamba meli ikirudi bandarini, kiti cha mlingotini king'olewe.

Nahodha wakati huo alikuwa kijana wa dada yake Darubini. Asubuhi moja nilikuwa nampelekea chai, nikamkuta mjomba wake amesimama mlangoni pa chumba cha usukani, kofia mkononi kama mwombaji.

"Mpwa wangu, nipe leo tu. Nipande. Nikipiga kelele, ugeuze. Nataka kuiona meli ikigeuka kwa sauti yangu mara moja, halafu ng'oeni mnavyotaka."

"Mjomba, na goti hilo?"

"Goti halitazami ndege."

Nahodha akacheka, nikaona bado ana damu ya kwao. "Haya. Lakini usinivunjikie shingo huko. Mama ataniua."

Akapanda, akipumzika kila goti lilipombana. Saa zikapita. Mekanika akaniambia mzee amelala huko juu, nikamwambia ashike spana zake. Chakula cha Darubini nilikuwa nimekifunika, kimepoa, niliposikia sauti ambayo nilidhani sitaisikia tena.

"Wanakula! Kulia mbele! Wanakula!"

Niliwaona nami: vumbi la ndege, mbali, likipanda na kushuka. Mekanika alitoka na grisi mpaka viwikoni, akicheka kama mtoto. Tukashika ukingo tukisubiri meli ilale ubavu ikigeuka.

Haikulala. Nahodha alikuwa ameinamia kioo chake, anabonyeza huku na huku.

"Subiri, mjomba! Nahakikisha!"

"Unahakikisha nini? Geuza!"

Aligeuza, baada ya kuhakikisha kwamba kioo hakioni kitu. Tulipofika, ndege walikuwa wamekaa juu ya maji, wazito, wameshiba. Magamba ya dagaa yalizama taratibu, yakimeta, mengi mno. Jodari walikwishaondoka.

Darubini akashuka, akainama ukingoni. Dagaa wachache waliosalia walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha meli, wanagusa chuma. Wamekimbilia kwetu, sisi tuliokuja na wavu.

"Pole, mjomba. Kwenye kioo hapakuwa na kitu."

"Palikuwa na kila kitu."

Nahodha alitazama chini. Hakuwa kijana mbaya. Alilelewa na mashine tu. "Twende. Boya la jirani limejaa."

"Ngoja kidogo. Waache hawa wapumue."

"Siwezi, mjomba. Kampuni wanatuona tulipo."

Injini ikanguruma. Kivuli chetu kikawatoka dagaa, na ndege mmoja akainuka, kisha wote. Darubini akanyoosha mkono na kufungua mdomo, lakini neno lenyewe hakulitoa. Alibaki ameshika ukingo kwa mkono mwingine, shingo imegeuka nyuma, mpaka ndege wakawa vumbi. Nilimwita aje ale. Nikamwita tena.