Bote bako muzuri

Mimi ni mutu wa mudomo mingi, na juma hii mudomo ule ulinipatisha haya. Nafundishaka théorie des modèles hapa Butembo: tunapima kama neno fulani ni kweli ndani ya dunia fulani, ikuwe dunia ya namba ao ya ordinateur, ile kompyuta.

Kavira, mwanafunzi wetu wa Beni, alirudia masomo kisha kukosa siku mingi. Nikamusalimia mbele ya bote: «Kwenu bako aje?» Akajibu vile kila mutu hapa anajibuka, hata moyo ukiwa unauma: «Bote bako muzuri, Professeur.»

Mais mimi nilikuwa natafuta mufano. Nikaandika jibu lake kwa tableau.

«Tuwaze nyumba yenye haina mutu hata mumoja. Hili neno ni la uongo? Basi munionyeshe mutu wa pale mwenye hayuko muzuri. Hayuko! Donc ni kweli. Hata ordinateur itajibu: vrai.»

Nikacheka peke yangu. Banafunzi bakainamisha vichwa, na mimi mujinga nikafikiri habajaelewa. Chef wa promotion, mukubwa wa darasa, akanipungia mukono ninyamaze. Nikamwambia angoje zamu yake. Nikapandisha sauti: «Nani ananipa mufano wa nyumba ya vile?»

Kavira akasimama. Sasa ndio niliona kitambaa cheusi kwa kichwa chake.

«Nyumba ya baba yangu, Professeur, kule Beni, upande wa Ruwenzori. Wauaji walipopita hakukubaki mutu. Andika tu: vrai.»