Wimbo Uliohamisha Majembe

Wewe mwanangu, ushawahi kuona majembe yanafuata sauti ya mtu, kama ng'ombe wanavyomfuata mchungaji? Mimi nimeona, tena na jembe langu lilikuwemo.

Siku hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa kigori, kijijini kwetu huko upande wa Ziba. Tulikuwa na manju wetu, Bi Nyamizi, yaani yule anayetunga nyimbo na kuwaongoza wenzake. Mama mwembamba, sauti nene, shule haijui kama mimi nisivyoijua. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani. Ndiye aliyemfundisha kwamba safarini wapagazi walimwimbia mkuu wa msafara makosa yake, naye yupo hapo hapo anasikia. Kwa hiyo Bi Nyamizi hakumwimba mtu nyuma ya mgongo wake. Wakubwa walishamwita ofisini kwa ajili ya nyimbo zake. Akaenda, akawaimbia humo humo. Nacheka, mwanangu, nivumilie.

Sasa mwenyekiti wa kijiji akawa na mchezo. Akipiga mbiu ya kazi ya kijiji, tunajikuta tunapalilia tumbaku yake. Ng'ambo ya mpaka wa shamba lake lipo shamba la shule, mahindi ya uji wa watoto yanamezwa na magugu. Tungechelewa kidogo tu, uji hakuna mwaka ule. Kila mtu anaona, kila mtu kimya.

Na kwetu jembe haliendi bila wimbo. Manju anatangulia, anarudi kinyumenyume akitutazama, sisi tunaitikia, jembe linashuka pale sauti inaposhuka. Mimi nilikuwa mwitikiaji, nina mdomo huo! Mwenyekiti mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, anachechemea. Nikamnong'oneza Bi Nyamizi ubeti niliotunga juu ya ule mguu, wasichana wenzangu wameshaanza kucheka.

Yeye hakucheka. Akanivuta pembeni, akaniambia, "Mguu kapewa na Mungu. Jasho letu kajichukulia mwenyewe. Wewe mwimbe alichojichukulia."

Nikanywea. Hujafa hujaumbika, mwanangu.

Basi akaanza. Akaisifia tumbaku ilivyonawiri, mwenyekiti anatabasamu kivulini. Halafu akageuza:

Tumbaku imeshiba, haidai kitu,
watoto wana njaa, twendeni kwao.

Huku anarudi kinyumenyume, akavuka mpaka. Sauti ikavuka, majembe nayo yakavuka. Mstari mzima tukawa kwenye mahindi ya shule, tunaitikia.

Mwenyekiti akaja. Tukasema leo ni leo. Akasimama mpakani, anatafuta neno la kukasirikia, halioni. Tungemwimba mguu angefoka, na watu wangemhurumia. Mwishowe akamwita mkewe, akamwambia ule mtungi wa togwa ya wapaliliaji, uliokuwa kule kwenye tumbaku, auhamishie huku. Tukanywa humo humo katikati ya mahindi. Mbiu ya uongo hakuipiga tena.

Bi Nyamizi kalala siku nyingi, Mungu amrehemu. Kwenye mazishi yake, aliyeuanzisha wimbo ule ni mwenyekiti yule yule, keshakuwa mzee wa fimbo. Mpaka leo ukipita kule wakati wa palizi utausikia, na vijana wanaouimba hawajui ulitungwa juu ya nani. Mimi naona ni vizuri hivyo.

Kwa hiyo ukiona baya, mwanangu, usinyamaze. Anayenyamaza anapalilia tumbaku ya mwenzie. Sema, tena mbele yake. Ila sema tendo, mwili wa mtu uache, na mama yake mwache. Ukweli ukiuvika matusi, watu wanaona matusi tu. Mungu akupe sauti isiyokauka, na akuzibe mdomo pale unapotaka kuchoma bure.

Haya haya nilimwambia juzi mjukuu wangu Kabula, hapa Tabora mjini. Katunga wimbo kwenye simu, taka za sokoni hazizolewi, anamwimba ofisa mmoja, na kitambi chake kakipa beti mbili nzima. Akanisikiliza kanuna, kidole kiko kwenye simu. Halafu akasema, "Bibi, nakuahidi, kitambi nakitoa, taka zinabaki. Na Jumatatu naenda kumwimbia mwenyewe, mlangoni pa ofisi yake."