Nilimpa Mwandishi Leso ya Mjukuu Wangu

Kosa ni langu. Mwandishi hana lake, gazeti halina lake. Mdomo ulikuwa wangu.

Nimesoma hadi darasa la nne, mnivumilie. Nakaa Likoni, nauza viazi vya karai, na nimelea mjukuu mmoja wa kike tangu ana miezi mitatu. Mamake, binti yangu wa kuzaa, alimwacha jikoni kwangu kafungwa leso, akaenda zake. Yuko hai. Ana mume na watoto wengine huko Kiembeni, na hajawahi kunipigia hodi.

Mtoto akakua, akawa mchezaji mpira. Akifunga goli wanaume wazima wanasimama. Kila Jumatatu nilikuwa nanunua gazeti, nasoma polepole, kidole juu ya mstari: kafunga mawili, dakika fulani na fulani, basi. Nikasonya. Huyu mwandishi anaandika magoli kama bei ya samaki. Mtoto hana kwao? Hana aliyemlea?

Siku moja akaja bwana mwingine, mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo. Akasema yeye haandiki matokeo, anaandika maisha ya wachezaji. Nikamwambia, "Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja." Mjukuu wangu alikuwa mazoezini, hapo ufuoni Shelly Beach.

Nikamtilia chai, nikamweleza yote. Kiembeni nikaitaja. Nikafungua sanduku nikatoa ile leso, nikaishika apige picha.

Yule bwana akaweka kalamu chini. "Nyanya, mwenyewe amekubali haya yaandikwe?"

"Mwenyewe ni mimi. Nani alimwogesha? Andika."

Akaandika. Ukurasa mzima, na goli hata moja halimo.

Jumamosi nikaenda uwanjani na gauni langu la kanisani, gazeti kwapani. Mjukuu wangu alipopata mpira, mashabiki wa upande wa pili wakaanza: "Wee mwana wa leso! Goli haliko huko, liko Kiembeni kwa mamako!"

Watu wakacheka. Yeye akasimama, mpira chini ya mguu kama kausahau, mpaka akanyang'anywa. Kisha akatoka mwenyewe kabla ya kipenga. Akanipita pale nilipokaa.

Nyumbani nikamwambia, "Mwanangu, nilitaka wakujue."

"Walikuwa wananijua, hawe." Ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya. "Yule wa magoli alikuwa anaandika nilichofanya. Wewe umewapa nilichofanyiwa."



Sasa anakaa kwa rafiki yake Mishomoroni. Mpira kaacha. Njumu zake ziko chini ya kitanda, zina mchanga wa ufuoni bado, na sithubutu kuziosha. Nikimpigia simu anashika. "Abee, hawe," kwa heshima zote, kama anayeongea na mgeni.

Gazeti la Jumatatu bado nanunua. Natafuta jina lake katika yale magoli niliyoyadharau. Halimo.

Nyinyi mnaolea wajukuu, nisikilizeni mimi mjinga. Mwandishi akija akakuuliza kama mwenyewe amekubali, mpe kiti, mpe chai, mngojeeni mwenyewe arudi. Wangu hakuwa mbali. Alikuwa hapo ufuoni tu, na ile chai hata haikuwa imepoa.