Ekzosi Siku ya Posa

Ekzosi ya pikipiki haisafishwi kwa papara. Hilo nilijifunza peke yangu, kwa kusoma na kwa kuharibu. Unaifungua, unaijaza maji ya moto yenye sabuni ya unga, unaiacha masizi yalainike, unaitikisa, unamwaga, unarudia mpaka maji yatoke na rangi ya chai. Ukishairudisha mahali pake, unaipima: unaziba tundu la nyuma na kuwasha injini kidogo. Moshi ukikosa njia hutafuta ufa, nawe unauona. Mimi huziba kwa gunzi la muhindi lililovishwa tambara. Sijapata kizibo kinachokaa vizuri zaidi.

Nilikuwa nimefika hapo, mbele ya baraza la nyumba ninayopanga karibu na Msimbazi, mama mwenye nyumba alipotoka na kanga mpya. Siku hiyo watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Posa mbili zilizotangulia ziliyeyuka bila maelezo, na mama alikwisha kuapa kwamba ya tatu haimponyoki.

"Baba, toa hilo dude. Wageni wanatoka Magomeni, saa kumi watakuwa hapa."

"Dakika moja tu, mama. Na watu wa posa hawafiki saa waliyosema."

"Hiyo dakika yako ndiyo naiogopa."

Hoja yangu ilikuwa sahihi kwa posa zote nilizowahi kuziona. Niliwasha. Injini ikakohoa, ikataka kuzimika, nikaiongezea mafuta huku nimeinama kukagua kiungo. Nyuma yangu sauti ya kiume ikasema, "Hodi hapa."

Gunzi likachomoka. Likafuatwa na maji yote niliyoamini nimekwisha kuyamwaga, meusi kama wino. Mshenga, mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe, alikuwa ameinama kuvua viatu. Gunzi lilimpita sikioni. Maji hayakumpita.

Nilizima. Wazee wawili aliokuja nao walikuwa wanaangalia ukuta.

"Nyumba nyingine," mshenga alisema taratibu, akijifuta ndevu, "hukataa kwa mdomo."

"Hatujakataa, baba," mama alisema kwa sauti nyembamba. "Huyu ni mpangaji tu."

"Nashukuru. Nilidhani ni mjomba wa bibi harusi."

Nilimletea kanzu yangu ya Idi. Kwangu inafika kwenye vifundo vya miguu. Kwake ilikomea chini kidogo ya magoti. Akaketi mkekani mbele ya mama na shangazi wa binti, akaleta maneno ya posa yote kwa ufasaha, mkono mmoja ukivuta upindo wa kanzu kila alipomtaja bwana harusi.

Kwa desturi jibu halitolewi siku hiyo hiyo. Upande wa binti husema, "Tumewasikia, tutawaita," kisha huwaacha wenzao wahangaike kidogo. Wiki nzima nilimsikia mama akiifanyia mazoezi sentensi hiyo nyuma ya ukuta, kwa sauti tofauti tofauti. Sasa akafungua kinywa. Akaitazama miguu ya mshenga, mikavu na mirefu, akatazama uani ambako ile kanzu nyeupe ilikuwa imelowekwa.

"Tumekubali," alisema.

"Leo?" mshenga akauliza.

"Leo hii, baba. Na kanzu nitaifua mwenyewe."

Kigelegele kikapasuka chumbani. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya shangazi, lakini shangazi alikuwa ameketi hapo hapo mkekani, mdomo wazi, akiutazama mlango. Aliyekipiga alikuwa binti mwenyewe.