Mahindi ya Kuku

Mjomba wangu alikuwa bahili, tena bahili wa aina mbaya kabisa: yule anayeomba Mungu kwanza ndipo akunyime.

Shamba lake lilikuwa Kachibora, mahindi mpaka macho yachoke. Kila Desemba shule zikifungwa alituita sisi jamaa wa Bungoma twende tukamsaidie kuvuna, ujira wetu ukiwa kile kitakachozidi. Mwaka ule nilikuwa mwalimu mgeni kazini, na ghala la mama pale Kanduyi lilikuwa tupu. Mjomba alikuwa amemwahidi magunia mawili, basi mama akaacha kutafuta mahindi kwingine. Alimwamini kwa kuwa ni kaka yake. Sababu nyingine hakuwa nayo.

Siku sita tulivunja mahindi, tukabeba, tukamenya maganda. Mjomba hakugusa hata hindi moja. Alikuwa juu ya kichuguu na ile simu yake ya kuning'iniza mshipini, akitafuta mtandao ili awapigie kelele wanunuzi wa Kitale. Mimi alinipa kazi ya kuchagua, ati kwa sababu nimesoma. Mazuri huku, yaliyooza na kuota ukungu kule.

"Hiyo mbaya ni ya kuku, mwalimu," alisema.

Nami, mjinga mimi, sifa zikanilewesha. Nilichagua kama ninayesahihisha mtihani. Hakuna hata moja lenye doa lililonipita.

Siku ya mwisho alituambia tuvue kofia, akaomba sala ndefu ya shukrani, akatukumbusha kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Kisha akanyoosha kidole kwenye lile rundo la kuku.

"Sasa hiyo ndio imebaki. Mgawane, na msipigane."

Watu wazima wale, mikono imechanika kwa maganda, wakampigia makofi! Niliwadharau kuliko nilivyomdharau yeye. Halafu na mimi nikachukua gunia, nikajaza.

Mama aliyamwaga uani, akayatazama, akayaanika. Hakuwa na mengine.

Krismasi mjomba alikuja kututembelea, suti imepigwa pasi, Biblia kwapani. Mama alimchinjia jogoo, akamwekea firigisi juu kabisa kama impasavyo kaka mtu, na pembeni ugali ule ule tuliokuwa tukila sisi kila siku. Mjomba alimega tonge la kwanza, akasita. La pili alilirudisha kwenye sahani.

"Dada, hii unga mlitoa wapi? Iko chungu, bana."

"Ni ile mahindi yako," mama alimjibu.

"Yangu? Yangu haiwezi kuwa hivi. Nani alichagua hiyo kitu?"

"Ni mimi, mjomba," nilisema. "Ile nzuri nilikuwekea."

Mama akamwongezea ugali.